Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mijadala, Ada na Ile Kura ya Zeus

Ndugu wanachama,

Shughuli za mwaka mnazifahamu, sitawachosha. Tulikutana mara 10, tulisoma ngano na tenzi kama tulivyopanga, na ile spika iliyokuwa ikikoroma niliipeleka kwa fundi kwa fedha zangu.

Nije kwenye lililowaudhi baadhi yenu. Mjadala wa Agosti uliuliza: je, Zeus, mfalme wa miungu wa Wagiriki wa kale, ni muweza wa yote? Neno "Mwenyezi" nililiondoa mimi kwenye mada. Hilo tunamwitia Mungu, na sijutii. Kura zililingana, 9 kwa 9. Katiba inampa mwenyekiti kura ya uamuzi, nami nikaipa upande uliokataa. Tangu siku hiyo naambiwa nilipendelea. Naomba nijieleze, maana siku ile mwenye ukumbi alikwisha simama mlangoni akitikisa funguo.

Waliokubali mada walisimamia kifo cha Sarpedon, mwana wa Zeus, katika kitabu cha 16 cha Iliad, utenzi wa Homer kuhusu vita vya Troy. Zeus anamwona mwanawe anakaribia kuuawa na Patroclus, shujaa wa Wagiriki, anawaza kumnyakua. Hera, mkewe, anamwambia: fanya, ila miungu wengine hatutakuunga mkono sote. Wakasema, basi aliweza, hakutaka tu. Hoja ni nzito, nakiri, na dada aliyeitoa aliisoma kwa sauti iliyotutuliza ukumbi mzima. Lakini Zeus alifanya nini? Aliangusha mvua ya damu kwa uchungu, na mtoto akafa. Muweza wa yote angemwokoa mwanawe na bado akatuliza wenzake.

Kisha kuna kitabu cha 14. Hera anajipamba, anaazima mkanda wa mahaba wa Aphrodite, mungu wa mapenzi, anamrubuni Usingizi, mungu wa kulaza watu, na Zeus analala fofofo mlimani Ida huku Poseidon, mungu wa bahari, akiwasaidia Wagiriki. Kitabu cha 1 nacho kinasimulia kwamba Hera, Poseidon na Athena waliwahi kutaka kumfunga, akaokolewa na Thetis, mungu wa kike wa baharini, aliyemwita Briareus, jitu la mikono mia. Zeus, kuokolewa! Mtanikumbusha kamba ya dhahabu ya kitabu cha 8, alipojigamba kwamba wakivuta wote hawatamshusha. Hiyo inathibitisha ana nguvu kuwashinda wote. Kuweza yote ni jambo jingine, na hapo ndipo kura yangu iliposimama.

Kinachoniuma zaidi ni mahudhurio. Tuko wanachama 41. Siku ile tulikuwa 19 pamoja nami. Wanaolalamika kwa sauti kubwa hawakuwepo, na mmoja wao tu angefika, kura yangu isingehitajika. Ada wamelipa 16. Mweka hazina amepiga simu hadi amechoka, na chai na maandazi ya miezi mitatu vimetoka mfukoni mwangu.

Mwakani tunatarajia, Mungu akijalia, kumjadili Odin, mkuu wa miungu ya kale ya Ulaya ya Kaskazini, anayejua kwamba mbwa mwitu Fenrir atammeza na hana namna ya kukwepa. Tukipata vitabu tutaanza Februari. Ukumbi unadai malipo ya mwezi mmoja mapema, hivyo nawaomba walio na madeni wamwone mweka hazina leo, kabla hatujatawanyika.