Pawasaplai mbili katika kompyuta moja

Langoni, Lamu

Sahibu yangu mpendwa,

Ama baada ya salamu, barua yako kutoka Malindi imenifikia, nami nimeisoma mara mbili, kwani jambo unalotaka kulifanya lawezekana lakini lina njia yake. Umesema pawasaplai yako ya wati 450, kile kisanduku cha kuilisha kompyuta umeme, haitoshi kwa kadi ya picha uliyonunua, na kwamba umepata nyingine kuukuu ya kuilisha kadi hiyo.

Pawasaplai ya pili, kwa kuwa haikuungwa na madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, haitawaka mpaka waya wake wa kijani, ulio kwenye pini ya 16 ya plagi ile kubwa ya pini 24, uunganishwe na waya mweusi. Mafundi wengi huziunga kwa kipande cha waya. Nami nilifanya hivyo, na usiku mmoja baada ya kuizima kompyuta nikaikuta feni ya kadi ingali inazunguka, kwa sababu pawasaplai ile haikuwa na wa kuiambia izime. Nilihofu sana kuiunguza madabodi. Tangu hapo natumia adapta ndogo inayopokea umeme wa pawasaplai ya kwanza na kuiwasha ya pili papo hapo, kisha zikazimika pamoja. Adapta hiyo pia huziunga nyaya nyeusi za pande zote mbili, jambo la lazima, kwa kuwa volti 12 za kila upande sharti zipimwe kutoka ardhi moja, yaani sifuri moja. Nakusihi usianze bila hiyo.

Nyaya za manjano, zibebazo volti 12, kinyume chake, usizikutanishe kamwe: volti za pawasaplai mbili hazilingani sawasawa, na moja itabeba mzigo wa mwenziwe. Jua pia kwamba kadi itaendelea kuvuta hadi wati 75 kupitia tundu lake la madabodi, kwa hiyo ile ya kwanza haipumziki kabisa. Zote mbili zichomeke kwenye soketi za ukuta mmoja zenye waya wa ardhi ulio mzima.

Kwa maoni yangu, pawasaplai moja ya wati 750 ingekufaa zaidi, hasa kwetu pwani, ambako chumvi ya bahari hula pini za vifaa vya zamani. Ukishikilia shauri lako, usiifungue hiyo kuukuu, maana kapasita zake huhifadhi umeme hata ikichomolewa. Niandikie kwanza ampea za volti 12 zilizoandikwa kwenye kibandiko chake, nawe usiiwashe mpaka nikujibu.

Ni mimi nduguyo akupendaye