Ujuzi gani wa hali ya juu, mlango ulikuwa wazi

Mhariri, gazeti lako nalisoma miaka na miaka na sijawahi kukuandikia, ila ile habari yenu ya "wadukuzi wenye ujuzi wa hali ya juu" imenishinda. Ujuzi gani? Mwishoni mmesema wenyewe waliingia kwa akaunti ya mtu aliyeacha kazi zamani. Hao wadukuzi hawajavunja kitu, wamefungua kwa ufunguo.

Mimi ni fundi wa mitandao. Niliwahi kuacha kazi sehemu moja, siku ya kuondoka nikapewa fomu ya kurudisha mali, wakadai kitambulisho, funguo za droo, mpaka stepla nikaisainia. Miezi 14 baadaye nawasha laptopu yangu ya zamani natafuta picha tu, VPN, ile njia ya kuingilia mtandao wa ofisi ukiwa mbali, ikajiunganisha yenyewe kwao, tena na haki zangu zote za admini, yaani msimamizi wa mfumo, ruta, swichi, seva, zote zipo zinanisubiri. Nikatoka mbio nikawapigia simu kiungwana, badala ya asante naulizwa "kwani wewe umeingiaje huko?", nikaandikishwa maelezo kurasa mbili kama mwizi, na akaunti yenyewe wakaifunga baada ya siku tisa nyingine, siku tisa mhariri, kwa sababu aliyekuwa na pasiwedi ya kuifunga alikuwa likizo!

Sisemi mifumo haina matundu. Mwaka 2023 IOS XE, programu inayoendesha ruta na swichi za kampuni ya Cisco, ilikutwa na kasoro kwenye ule ukurasa wa kuendeshea ruta, mtu wa nje bila pasiwedi yoyote anajitengenezea akaunti ya ngazi ya 15, yaani mwenye nyumba kabisa. Ila waliokuwa hatarini zaidi ni walioacha ukurasa huo wazi kwa intaneti nzima. Ukurasa wa admini unatafuta nini huko nje?

Na mabosi hao hao wanaoacha milango wazi ndio wanatulazimisha kubadili pasiwedi kila siku 30, mpaka watu wanaiandika kwenye karatasi wanaibandika chini ya kibodi.

Ushauri wangu basi: kwenye ile fomu, mstari wa akaunti ukae juu ya mstari wa stepla, na malipo ya mwisho yasisainiwe mpaka anayeondoka ajaribu kuingia mbele ya bosi akataliwe mara tatu. Stepla abaki nayo.

Fundi aliyechoka