Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Jinsia na Kuhimili Mabadiliko ya Tabianchi Mashambani

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka unaokwisha. Hesabu amezieleza mhazini na mahudhurio ya vikao yamo katika taarifa ya katibu, hivyo nitajikita katika jambo moja lililochukua muda mwingi wa kamati yenu: nani anayefanya kazi ya kulihami shamba dhidi ya ukame na mafuriko, na nani mwenye kauli juu ya shamba hilo.

Mwaka 2024 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilitoa uchambuzi wa nchi 24 za kipato cha chini na cha kati, ulioonyesha kuwa kila mwaka joto kali huzipunguzia kaya za vijijini zinazoongozwa na wanawake wastani wa asilimia 8 zaidi ya mapato kuliko zile zinazoongozwa na wanaume, na mafuriko asilimia 3 zaidi. Jua huwawakia wote. Pengo hilo linaanzia kwenye hati ya ardhi, kwenye mkopo usiotolewa bila dhamana, na kwenye saa za siku ambazo mwanamke tayari amezimaliza kwa kuchota maji, kutafuta kuni na kulea, kazi ambazo ukame huzirefusha kwa kuwa visima hukauka na misitu husogea mbali.

Naomba nirefushe maneno kidogo kuhusu kilimo hifadhi, yaani kupanda bila kutifua udongo na kuufunika kwa mabaki ya mazao, kwa sababu hapo ndipo tulipokosea. Tulikihimiza kwa nia njema: udongo usiotifuliwa hutunza unyevu, na mazao hustahimili jua kwa siku nyingi zaidi. Tulichosahau ni kwamba jembe la kukokotwa, ambalo kwa kawaida ni kazi ya wanaume, lilikuwa pia likiua magugu. Likiachwa, na kama matandazo hayatoshi kufunika ardhi kwa kuwa mabua yamelishwa mifugo, magugu huota maradufu, na palizi ni ya mama na watoto wake. Kwa hiyo mbinu tuliyoihesabu kuwa nafuu ilimpumzisha mmoja na kumwinamisha mwingine. Mwanachama mmoja alituambia kikaoni, bila ukali wowote, kwamba shamba lake limependeza na mgongo wake umeharibika. Tangu siku hiyo kamati haipitishi mbinu yoyote kabla ya kuuliza itaongeza saa za nani.

Utabiri wa mvua nao ulitufundisha. Ujumbe ulikuwa ukifika kwa wakati kwenye simu ya mwenye kaya, ambaye mara nyingi yuko mjini kwa kibarua, huku anayeamua siku ya kupanda akiwa shambani akitazama mawingu. Sasa utabiri husomwa pia kwa sauti kwenye mikutano ya vikundi, na mafunzo yamehamishwa kutoka asubuhi, saa za maji na shamba, hadi alasiri. Mahudhurio ya wanawake yameongezeka, ingawa kwa maoni yangu idadi ya vichwa ni kipimo dhaifu, kwani mtu anaweza kujaza daftari la mahudhurio mwaka mzima na bado asiulizwe mbegu ipi inunuliwe.

Kisera hatupungukiwi na maandiko. Ibara ya 7 ya Mkataba wa Paris wa 2015 kuhusu tabianchi inataka hatua za kuhimili zizingatie jinsia, na mwaka 2024 mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Baku uliuongezea muda wa miaka 10 mpango wa Lima kuhusu jinsia na tabianchi. Hayo yana faida kwetu tunapoandika maombi ya fedha. Lakini kwenye mfereji wa umwagiliaji, anayepanga zamu za maji ni kamati ya mfereji.

Hapo ndipo kamati yenu inapoomba ridhaa. Tunapendekeza kanuni za mgao wa maji zimtambue anayelima shamba, hata kama hati ina jina la mwingine, na mkopo wa pembejeo ukubali dhamana ya kikundi badala ya ardhi. Baadhi ya wanachama wanahofu kwamba kanuni ya kwanza italeta ugomvi majumbani. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana tunaomba ijaribiwe kwa msimu mmoja katika vikundi vitakavyojitolea, wanaume na wanawake wakikaa pamoja wakati wa kuandika zamu, kabla ya kuletwa tena mbele yenu kwa kura.

Mwenyekiti