Risala ya Kikundi cha Wasubu Chuma wa Moshi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, wazee wetu, ndugu waalikwa, mabibi na mabwana,

Karibu sana karakanani kwetu. Tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako mengi ukaja kuketi nasi.

Kikundi chetu kilianza na mafundi wachache waliokuwa wakiyeyusha chuma chakavu chini ya mwembe. Leo tuna banda la bati, tanuri, katiba na akaunti ya benki. Mafanikio haya ni makubwa mno: puli za mashine za kusaga na vipuri vya mashine za kumenya kahawa vinasubiwa hapa, na wateja wanatufuata kutoka Rombo hadi Same.

Mheshimiwa, kinachotukwamisha ni koki, yaani kaa gumu linalopatikana kwa kupasha makaa ya mawe moto mkali pasipo hewa. Tanuri linataka kaa la kutoa joto la nyuzi zaidi ya 1,200 huku likibeba uzito wa chuma bila kupondeka, ili hewa ipite. Mkaa wa miti unapondeka, na misitu ya Mlima Kilimanjaro inalindwa, tena ni haki ilindwe, maana ndiyo inayotupa maji. Koki ya kuagiza nje inameza faida yote.

Njia ipo. Ujerumani Mashariki ilikosa makaa ya mawe ya kufaa kwa koki. Ilikuwa na makaa ya kahawia, yaliyojaa maji, ambayo yakipata moto hayalainiki wala kushikana. Wahandisi Erich Rammler na Georg Bilkenroth waliyasaga yakawa unga, wakayakausha, wakayashindilia kwa nguvu nyingi, kisha wakayapasha moto polepole pasipo hewa hadi kwenye nyuzi 1,000 hivi. Mwaka 1952 kiwanda cha Lauchhammer kikaanza kutoa koki hiyo.

Nasi tunafuata njia hiyo kwa vumbi la makaa ya mawe lisiloshikana. Kusaga tunaweza, kuchoma tunaweza. Kushindilia ndiko kunakotushinda, kwa sababu tunatumia jeki ya lori. Matofali ya vumbi hilo yanatoka yanapendeza, yakiingia motoni yanapasuka.

Ombi letu ni presi ya haidroliki. Ombi hili si geni. Lilisomwa mbele ya wageni rasmi waliokutangulia, likapigiwa makofi, tukaahidiwa, tukaambiwa tutangulize msingi wa mashine. Tulimwaga zege kwa michango yetu wenyewe. Msingi ni huo hapo nyuma yako, na boliti zake zimeshika kutu. Kila tukifuatilia, tunaambiwa faili limehamia ofisi nyingine. Tunayasema haya kwa heshima zote, lakini wanachama wetu wamechoka kusubiri.

Kwa hiyo tunakuomba, kabla hujaondoka leo, ututajie ofisi tutakayokwenda na mwezi tutakaojibiwa. Kama fedha yote haipatikani, tupatie nusu, nyingine tutaichanga. Tunaomba pia barua ya kututambulisha kwa chuo chenye maabara, matofali yetu yapimwe uimara, kwani sasa tunayapima kwa kuyaangusha sakafuni. Ankara kifani ya presi tumeiambatanisha na risala hii.

Tunaomba kuwasilisha.