Barua kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula wa Kwanza na Likizo ya Mwezi Juni

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Tanga.
Mwishoni mwa mwezi Mei

Ndugu Wazazi na Walezi,

Yah: Kufunga shule na matumizi ya likizo

Kwa niaba ya walimu wenzangu nawasalimu na kuwashukuru kwa ushirikiano mliotupa katika muhula huu, ambao haukuwa mwepesi, kwa kuwa mvua za masika zilikata njia mara kwa mara na watoto wanaotoka mbali walifika darasani wamelowa hadi magotini. Ripoti ya maendeleo ya mtoto wako imo ndani ya bahasha hii. Mzazi mwenye swali kuhusu alama aonane na mwalimu wa darasa kabla hatujafunga. Mimi sitayarudia matokeo hapa, kwa sababu nimekusudia kuitumia barua hii kuzungumzia namna watoto watakavyoishi katika mwezi mzima watakaokuwa mikononi mwenu.

Wazazi wengi wamefika ofisini kuuliza iwapo shule itaendesha masomo ya likizo, na wengine wameniomba niwapendekezee mwalimu wa tuisheni wa kumfuata mtoto nyumbani. Masomo ya likizo hayatakuwapo, na wa tuisheni sina wa kumpendekeza. Mtoto ambaye tangu Januari ameamka alfajiri, akakaa kwenye dawati hadi alasiri na kurudi nyumbani na kazi za kuandika, anastahili kupumzika, ingawa kupumzika ninakokusudia si kulala hadi saa nne na kushinda mbele ya katuni. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto mwenye umri wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani walau dakika 60 kila siku za michezo au kazi inayomfanya aheme. Sisi tuliokulia katika mji huu hatukuhitaji ushauri huo, maana rede na kombolela zilizimaliza dakika hizo na kuzizidisha kabla ya adhana ya magharibi. Leo viwanja vingi tulivyochezea vimejengwa fremu za maduka, na mtoto asiyekuwa na mahali pa kukimbilia hujikuta amekaa kibarazani na simu ya mama yake.

Ninachowaomba, basi, ni kwamba mtoke na watoto wenu. Sisemi muwatoe, yaani muwape nauli na kuwaambia wakacheze, bali mtoke pamoja nao, muende mahali, muone kitu, mrudi mkiwa na la kusimulia. Kila mwanafunzi kuanzia darasa la tatu amepewa daftari moja jembamba la likizo, na humo hatutarajii kukuta hesabu wala sarufi. Tunatarajia ayaandike aliyoyaona akiwa na jamaa yake nje ya nyumba: alikwenda wapi, na nani, ni kitu gani hakukijua na ni nani aliyemweleza. Anayependa kuchora achore.

Pengine mzazi atajiuliza safari ya ufukweni inamsaidia vipi mtoto kufaulu. Mwezi Machi tuliwapeleka wanafunzi wa darasa la tano pwani wakati wa kupwa. Mmoja wao, ambaye darasani hunyoosha mkono kwa nadra sana na ambaye mjomba wake ni mvuvi, aliwasimamisha wenzake kando ya mwamba na kuwaonyesha tundu dogo ambalo mimi ningelipita bila kulitazama. Mbele ya tundu yalikuwa yametapakaa magamba ya kaa na maganda ya chaza yaliyo matupu. Akatueleza kwamba pweza hupeleka windo lake ndani, akala, kisha akayatupa mabaki mlangoni, na kwamba vile vijiwe vilivyozunguka mdomo wa tundu amevivuta mwenyewe ili kujiziba. Alikuwa na kijiti mkononi lakini hakulichokoa tundu. Alituamuru tuchutame na tunyamaze. Baada ya muda likaonekana jicho, kisha mkono mmoja wa rangi ya kahawia, ambao ulipogusa mchanga uligeuka kijivu mbele ya macho yetu. Mwalimu wa sayansi alilifunga daftari lake la maandalio, na kipindi kikaendeshwa na yule mtoto. Insha aliyoiandika wiki iliyofuata ilikuwa ndefu kuliko zote alizowahi kutuandikia, na ingawa tahajia yake bado inahitaji kazi, haikuwa na sentensi hata moja aliyoichungulia kwa jirani.

Wengi wenu mnaishi umbali wa kutembea kwa miguu kutoka baharini, na hakuna kiingilio. Mfundisheni mtoto kuijua bahari kwa kuifuatilia. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Mtoto wa darasa la nne anaweza kulithibitisha hilo mwenyewe kwa kuandika saa za kupwa kwa siku kadhaa mfululizo na kutoa. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, na siku hizo maji yetu hupwa sana karibu na saa nne au saa tano asubuhi, wakati unaofaa kabisa kwa matembezi ya familia. Nendeni mkaitazame mikoko wakati huo. Mtoto ajifunze kuutofautisha mkoko na mchu kwa mizizi yake, kwa kuwa mkoko hujisimamisha kwa mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa, ilhali mchu huchomoza vidole vingi vyembamba kutoka matopeni ili kupata hewa. Waulizeni wazee majina ya mingineyo, kwa sababu vitabu vyetu vya kiada havina nafasi ya kuitaja yote.

Soko la samaki nalo ni darasa, mradi muende asubuhi mashua zinapoingia. Yupo mtoto anayekula changu kila wiki na hajawahi kumwona akiwa na magamba yake. Msipokuwa na haraka, muulizeni mvuvi mmojawapo habari za silikanti, samaki ambaye wataalamu wa dunia walimdhani ametoweka tangu enzi za dinosaria hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye katika miaka ya 2000 alinaswa katika nyavu za wavuvi wa hapa Tanga mara nyingi kiasi kwamba mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari yenye jina lake. Mtoto wa Tanga kumaliza elimu ya msingi bila kulijua jambo hili ni aibu yetu sote, walimu tukiwa wa kwanza.

Kwa wenye uwezo wa kulipa nauli na kiingilio, mapango ya Amboni yako kilomita 8 tu kaskazini mwa mji, na bado kila mwaka napokea wanafunzi wa darasa la saba ambao hawajawahi kufika huko. Chukueni tochi, vaeni viatu visivyoteleza, na msiingie bila mwongozaji. Ndani ya mwamba huo wa chokaa mtoto ataona mawe yaliyoning'inia darini na mengine yaliyoinuka kutoka sakafuni, yote yamejengwa na maji tone kwa tone, na hakuna mchoro wa ubaoni utakaomweleza muda mrefu una maana gani kwa namna ile. Upande wa kusini, kilomita kama 17 kwa barabara ya Pangani, kuna magofu ya Tongoni, penye msikiti wa kale na makaburi ya nguzo. Mwonyesheni mtoto vile vishimo vya duara katika kuta za makaburi ambamo zamani vilipachikwa vyombo vya kauri, kisha mwacheni aulize vyombo hivyo vilitoka wapi na vilifikaje. Swali hilo litampeleka Uchina na pepo za kaskazi kabla hamjarudi kituoni.

Familia nyingi mwezi Juni huwapeleka watoto kwa bibi na babu, Lushoto, Muheza, Korogwe au Handeni, na hiyo naihesabu kuwa safari bora kuliko zote. Anayekwenda Lushoto afungiwe sweta mbili, kwa kuwa baridi ya huko mwezi huo si ya mchezo kwa mtoto aliyezoea joto la pwani. Anayekwenda Muheza atakuta machungwa, na anaweza kuombewa ruhusa ya kushiriki kuchuma, kuhesabu na kupanga kwenye matenga, kazi ambayo itamfundisha kuzidisha vizuri kuliko mimi. Wakipatikana wa kumsindikiza hadi Amani, ataiona bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na msitu ambamo huota kiasili lile ua dogo la zambarau, Saintpaulia, linalopambwa kwenye vyungu madirishani huko Ulaya na Marekani. Ombi langu kwa mababu na mabibi ni kwamba wasimfanye mjukuu kuwa mgeni. Apewe jembe lenye mpini wa kumfaa, atumwe mtoni pamoja na wenzake, aelekezwe njia ya kwenda shambani na siku nyingine aiongoze yeye.

Najua pia kwamba wapo wazazi watakaokuwa kazini mwezi mzima, bandarini, kiwandani, au sokoni hadi usiku, na kwao maneno haya yanaweza kusikika kama ya mtu mwenye nafasi. Jumapili moja ya baiskeli inatosha. Mji wetu ni tambarare, na baiskeli zimejaa kila mtaa. Mpakieni mtoto, mzunguke naye, mumwonyeshe mahali mlipozaliwa na shule mliyosoma. Kuna watoto hapa wasiojua baba zao wanafanya kazi gani hasa. Nikiwauliza hujibu, "Anaenda kazini," basi.

Hapo sina budi kuwageukia kina baba, ambao katika mikutano yetu ya wazazi huwa tunawatafuta kwa tochi. Safari nyingi ambazo watoto huzisimulia wakirudi ni za mama, shangazi na bibi. Vilevile nawasihi mlitazame suala la mabinti. Likizo iliyopita tulisoma daftari za wavulana zilizojaa mito, mashua na mipira, na za wasichana zilizojaa vyombo, nguo za kufua na kubeba wadogo zao. Kazi za nyumbani ni sehemu ya malezi na sizipingi, lakini zigawanywe, ili kaka naye aoshe sufuria na dada naye aende akaone bahari. Mtoto mwenye ulemavu asiachwe nyumbani kwa kisingizio cha kumwonea huruma. Ulizeni kwanza yeye mwenyewe anataka nini.

Kuhusu usalama nitasema kwa ukali kidogo. Mwezi Juni ni msimu wa kusi, na bahari inayoonekana tulivu asubuhi huchafuka ifikapo mchana. Mtoto asioge bila mtu mzima anayejua kuogelea kuwa karibu naye, akimtazama yeye na si simu. Asipandishwe ngalawa bila jaketi la kujiokolea, hata kama nahodha ni mjomba. Wakati wa kutembea penye maji ya magotini avae raba na aburute miguu, ili samaki taa aliyejifukia mchangani amsikie na kuondoka. Mashimo yaliyochimbwa mchanga na kokoto bado yamejaa maji ya masika. Kwa macho ni madimbwi, lakini kingo zake ni za wima na mtoto akitumbukia hana pa kushika. Maji baridi yaliyotuama yana hatari pia ya kichocho. Barabarani, mshikaki, yaani kupakiza abiria zaidi ya mmoja kwenye bodaboda, haukubaliki kwa sababu yoyote ile, na katika basi mtoto akatiwe kiti chake, kwani mtoto wa miaka minane aliyepakatwa safari nzima kutoka stendi ya Kange hadi Lushoto hayuko salama hata kidogo. Wakilala ugenini, chandarua kiwemo kwenye begi.

Wanafunzi waliochaguliwa katika timu za UMITASHUMTA, yaani mashindano ya michezo ya shule za msingi, watapewa ratiba yao na mwalimu wa michezo, na wazazi wao watasaini fomu ya ruhusa kabla ya kambi. Wanafunzi wa darasa la nne na la saba, ambao mwaka huu wana mitihani ya kitaifa, wanaweza kujisomea saa moja au mbili asubuhi wakati akili imetulia. Baada ya hapo nao watoke. Nayasema haya nikijua kwamba baadhi yenu hamtanikubalia, na milango ya ofisi iko wazi kwa mjadala.

Tarehe ya kufungua shule mwezi Julai imeandikwa chini ya ripoti. Siku hiyo kila mwanafunzi aje na daftari la likizo, likiwa na saini ya mtu mzima mmoja aliyetoka naye angalau mara moja, awe mzazi, mlezi, babu au kaka mkubwa. Daftari litakalokuwa na madoa ya tope au chumvi halitakataliwa. Walimu watachagua habari chache zisomwe mbele ya shule katika wiki ya kwanza, na wazazi mnaopenda kuja kuzisikiliza mnakaribishwa. Naomba tu mpige simu ofisini mapema ili tuandae viti. Viatu na sare zilizochakaa zishughulikiwe mapema pia, kwa kuwa mafundi cherehani hulemewa siku za mwisho.

Nawatakia likizo njema.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu