Ikague karatasi kabla hujaiachia

Mwanangu,

Baada ya salamu, hapa Tanga hatujambo, isipokuwa mama yako na goti lake. Uliposema Jumapili kwamba utapita kituoni ukielekea kazini, upige kura yako ya kwanza kwa dakika mbili kisha uende zako, nilikosa usingizi, kwa kuwa unaishi Jacksonville, Florida.

Mwaka 2000 sisi tulipiga kura tarehe 29 Oktoba, na siku tisa baadaye wakapiga Wamarekani, nami nikawafuatilia redioni zaidi ya mwezi mzima. Wengi hukumbuka karatasi ya kura ya kaunti ya Palm Beach, huko huko Florida, iliyowachanganya wapiga kura. Mimi nakumbuka kaunti yako, Duval, ambako majina ya wagombea urais yaligawanywa katika kurasa mbili, huku karatasi ya mfano iliyotangulia ikiwaagiza watu wapige kura katika kila ukurasa. Watu wakatii: enzi hizo kura ilipigwa kwa kutoboa kadi, basi wakatoboa ukurasa wa kwanza, wakafunua, wakatoboa na wa pili. Zaidi ya kura 20,000 za kaunti hiyo moja zikaharibika hivyo, nyingi katika mitaa ya Wamarekani Weusi, ilhali Bush alimshinda Gore katika Florida nzima, na kwa hiyo akaingia Ikulu, kwa kura 537. Tarehe 12 Desemba Mahakama ya Juu ya Marekani ilifunga mlango wa kuhesabu upya, ingawa kura yenye matundu mawili haiokolewi hata ikihesabiwa mara kumi.

Utaniambia kwamba kadi za kutoboa zilipigwa marufuku mwaka uliofuata na sasa mnajaza viduara kwa kalamu. Viduara navyo hujazwa viwili, mwanangu. Ikague.

Bibi yako, katika uchaguzi wetu wa mwaka huohuo, alitoka kituoni akanieleza kwa furaha kwamba amewawekea alama wawili, kwa sababu mmoja alimpenda na mwingine aliona haya kumwacha. Hakujua kusoma, na aliruhusiwa kuingia na mtu wa kumsaidia. Mtu huyo alikuwa awe mimi, lakini foleni ilikuwa ndefu na nilikuwa na haraka zangu. Sikumwambia kwamba kura yake imeharibika.

Uraia wa huko uliuchukua bila kuniuliza, ukijua kwamba sheria yetu haikuruhusu kubaki na wa hapa, na siku ile niliponyamaza kwenye simu haukuwa mtandao. Hata hivyo, picha yako ukiwa umeshika kile kibendera nimewaonyesha wazee wote wa msikitini.

Fedha uliyotuma imetosha mabati ya jikoni, na misumari imebaki. Mdogo wako akikuomba viatu usimtumie, ana jozi mbili. Ukikosea kujaza usione haya, irudishe karatasi upewe nyingine, maana sheria ya Florida inaruhusu. Ukitoka kituoni nipigie. Huku itakuwa alasiri, nami nitakuwa barazani.

Baba yako