Risala ya kikundi chetu cha Deep Sea, Tanga: tupangane bahari ikiwa bado shwari

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, meza kuu, mwenyekiti wa mtaa, wazee wa mwalo, mama zetu wa dagaa, na nyie mliopanda bodaboda kutoka Sahare na Chongoleani, asalaam aleykum, Bwana asifiwe. Mimi ndo katibu, sauti imekauka kidogo mnisamehe, usiku tulikuwa majini na nimekuja hapa moja kwa moja.

Kwenye karatasi hii kuna historia ya kikundi ukurasa mzima, mwenyekiti ataniua ila nimeiruka. Tuko wavuvi, mafundi mashine na akina mama wakaanga samaki, leo tunafunga mafunzo ya siku 5 ya redio ya baharini na huduma ya kwanza, basi.

Mheshimiwa, tulifikaje kwenye redio? Mwaka jana kipindi cha upepo wa kusi boti yetu ya faiba ilizimikiwa mashine jioni, nje ya kisiwa cha Yambe, watu 6 ndani. Simu iliyokuwa hai ni moja, kitochi kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni mara mbili, nahodha akampigia tajiri wake, tajiri akapokea akauliza mko wapi, alafu vocha ikakata. Ndo hivyo tu! Kusi likiwa limechangamka unajua maji yanavuta kwenda kaskazini, wakaburuzwa usiku kucha na kutwa nzima ya pili, asubuhi ya siku iliyofuata kitochi kikalia meseji, jamaa wakaruka wakidhani ni sisi tunawatafuta, kumbe ni meseji ya mtandao inawakaribisha Kenya. Wavuvi wa Vanga ndo waliowavuta, Mungu awape kheri.

Na huku nchi kavu hatukuwa na afadhali. Namba ya dharura tuliyokuwa tumeibandika ukutani kwa mama muuza chai ilikuwa ya ofisa aliyehama kituo siku nyingi, akapokea vizuri tu, akasema jamani mimi sipo tena huko. Saa 4 usiku umeme ukakatika, saa 7 hivi mnara unaotuhudumia nao ukazima, nadhani betri iliisha, mwalo mzima simu zikawa tochi.

Sasa hatukuja kulaumu mtu. Tulichojifunza ni kwamba kila mtu ana kipande chake na vipande havijawahi kukaa meza moja. TMA, watu wa hali ya hewa, wana habari ya upepo, makampuni ya simu wana minara, TASAC, wakala wa meli, wana kituo cha uokoaji baharini kule Dar, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wana masafa ya redio, halmashauri ina kamati ya maafa maana Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kamati mpaka ngazi ya mtaa na kijiji, na sisi tuna boti na tunaujua mwamba kwa jina. Wanakutana siku ya msiba, hapo kila mmoja anatafuta namba ya mwenzie.

Na sio kwamba haiwezekani, yani tunaona kabisa ikiwekwa nia inaenda. Chukua mpango wa m-mama. Mama ana uchungu huko kijijini anapigiwa 115 bure, anayepokea anaangalia kwenye mfumo kama gari la wagonjwa lipo, kama halipo anaitwa dereva wa kawaida aliyesajiliwa pale karibu na hela yake anatumiwa kwenye simu. Serikali imeweka vituo na wahudumu wa afya, upande wa Vodacom wameweka mfumo. Ilianza Kanda ya Ziwa, leo ni ya nchi nzima. Sisi tunajiuliza tu, kama mama mjamzito ana 115, mvuvi aliyezimikiwa mashine kwanini ategemee vocha ya jero?

Mei 2024 tulipata somo mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kimeingia kwenye pwani yetu upande wa Mafia, TMA walishatangaza mapema kwakweli, ila habari ilitufikia hapa mwaloni kwa voisi za WhatsApp ambazo zimepita mikono ishirini, mmoja anasema kimbunga kinakuja, mwingine anasema kimeshapita, mwingine anauza dawa ya nguvu za kiume humo humo. Jumapili ya tarehe 12 nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika na intaneti ikawa ya kusuasua nchi nzima. Ingekuwa vimeangukia siku moja hizo voisi zenyewe zisingefika.

Wenzetu Marekani tangu 1984 wana kituo ambacho watu wa serikali na wa makampuni ya simu wanakaa pamoja kwa ajili ya dharura tu, na mtu wa uokoaji ana namba yake maalum, laini zikijaa yeye anapewa kipaumbele. Na bado kimbunga Katrina 2005 kiliwaangushia laini za simu karibu milioni 3, minara mingine haikuvunjika hata, ilikosa umeme na mafuta ya jenereta hayakufika. Kwahiyo hata kukaa pamoja bila kuulizana nani anapeleka dizeli, napo bado.

Maombi yetu Mheshimiwa. Tunaomba utuitie kikao kimoja, kabla kusi halijaanza, makampuni yote ya simu yenye minara ukanda huu wawepo, wa umeme wawepo, na sisi tupewe hata viti vya nyuma. Tuulizane mnara wa hapa betri yake ni masaa mangapi na funguo za jenereta anazo nani. Siku ya dharura iliyotangazwa simu ishike mnara wowote hata kama sio wa kampuni yako, na tahadhari ya TMA ije kama meseji ya kawaida ya Kiswahili, bure, maana vitochi havina WhatsApp. Upande wa Kenya nako tupate namba ya kituo chao. Na leseni za redio kwa vikundi vidogo kama sisi, tunaomba TCRA watushike mkono.

Redio tunazipenda kwa sababu moja. Simu anaisikia uliyempigia peke yake, redio chaneli 16, ile ya dharura baharini, anaisikia kila mwenye redio aliye karibu, na haiombi vocha. Tunazo 2 tu za mkononi, tumenunua kwa mchango wa ndoo za dagaa.

Naomba kuwasilisha, Mheshimiwa. Hiyo nyeusi hapo mbele yako tumeshaiweka chaneli 72 maana 16 haichezewi, yule nahodha wa kitochi yuko kwenye boti pale mbele ya gati anasubiri sauti yako. Bonyeza hapo pembeni, ongea, ukimaliza achia.